Bendera alizoshona mama

Mama yangu alishona bendera ya Tanzania kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1978, katika chumba chetu cha kupanga pale Igogo, Mwanza. Yeye alizaliwa Muhuru, upande wa Kenya, na siku alipokalia cherehani kuishona bendera ile alikuwa hajamtia machoni mama yake mzazi kwa karibu miaka miwili, kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa. Mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa nasoma ndiye aliyemletea kazi hiyo. Bendera ya shule ilikuwa imechakaa hadi upande unaopepea umebaki nyuzi tupu, na nchi ilikuwa imeingia vitani na Idi Amin, kipindi ambacho hakuna mwalimu aliyetaka kuonekana akipandisha kitambaa kilichochanika.

Watu wengi huidhania kazi hiyo kuwa rahisi mpaka waifanye. Bendera ya Kenya ni mistari iliyolala. Fundi huunganisha vipande vilivyonyooka, na taabu yake yote huwa kwenye ngao na mikuki ya katikati. Ya kwetu imekatwa mshazari: ukanda mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka pembe ya chini, upande wa mlingoti, hadi pembe ya juu ya upande wa pili, kijani ikiwa juu yake na bluu chini yake. Kitambaa kikikatwa mshazari huvutika, na mkono ukizidi kidogo tu chini ya mguu wa cherehani, ukanda wote hupinda, kisha upepo hukutangazia kasoro hiyo mbele ya kijiji kizima. Mama alianza na nyeusi, akaishonea njano huku na huku, akaipiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye majimaji, akaiacha ipoe ikiwa imelala mezani, ndipo akazileta zile pembetatu mbili. Upande wa mlingoti aliutia pindo la turubai ili kamba isiutafune. Mabaki aliyakunja akayaweka katika kopo la biskuti, maana miaka ile hakuna aliyekuwa akitupa kitambaa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nami nilitaka kumwonyesha kwamba ninayajua masomo yangu, kwa hiyo nikamsomea maana ya rangi kama tulivyofundishwa: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Aliinua mguu wa cherehani akaniuliza ni maji yapi. Nikamjibu kwamba ni ziwa. Akaniuliza, "Ziwa lote?" Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri, akaendelea kukanyaga.

Nilipokuwa mtu mzima nilifahamu kwamba hata bluu ile haikutoka ziwani. Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na kijani, nyeusi na njano peke yake. Bluu ililetwa na Zanzibar mwaka 1964, baada ya Muungano, bendera mbili zilipofanywa moja. Sisi watoto wa Kanda ya Ziwa tulijitwalia rangi ya watu wa bahari, na sioni kosa katika hilo. Bendera ya Kenya haina bluu kabisa: ina nyeusi ya wananchi, nyekundu ya damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ya ardhi na nyeupe ya amani. Ya Uganda nayo ina nyekundu, ila huko mtoto hufundishwa kwamba ni rangi ya undugu, kwa kuwa damu ya watu ni moja. Mtoto wa Kisumu na mtoto wa Jinja hunawa uso kwa maji ya ziwa moja, kisha husimama mstarini na kuelezwa rangi ileile kwa maneno mawili tofauti. Mama, ambaye hakukaa darasani zaidi ya miaka minne, nilipomsimulia habari hizo alisema kwamba Waganda ndio waliopatia.

Baba alikuwa mtu wa Sota, karibu na Shirati, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rorya. Kutoka Sota hadi Muhuru mtumbwi wenye tanga hauhitaji hata siku nzima, na kwa Wajaluo wa mwambao ule kuoa ng'ambo hakukuwa jambo la kushangaza kuliko kuoa kijiji cha pili. Baba alifanya kazi ya ubaharia katika meli za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zile zilizokuwa zikizunguka ziwa kupitia Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyekuwa posta ya ukoo wetu. Alichukua barua za mama na pakiti za dagaa, akarudi na sukari guru, salamu, na mara moja jogoo aliyefungwa miguu ambaye aliwika safari nzima.

Mstari wenyewe wa mpaka hatukuwahi kuuona, na hadi leo hauonekani. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mpaka wao utatoka mdomo wa mto Umba, kule Bahari ya Hindi, hadi mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inaukata ukingo wa mashariki wa ziwa. Kisha mwaka 1890 wakaivusha latitudo hiyohiyo juu ya maji hadi ng'ambo ya magharibi. Muhuru ikaangukia kaskazini mwa mstari, Sota kusini. Katika mgawanyo wa baadaye Tanzania ilibaki na kama nusu ya ziwa, Uganda ikapata sehemu kubwa ya kilichosalia, na Kenya takribani asilimia 6. Kansela wa Wajerumani mwaka ule wa 1886 alikuwa Bismarck, ambaye jina lake limebaki kwenye lile jiwe linalosimama majini hapa Mwanza, mahali ambapo maharusi hupiga picha kila Jumamosi. Nimepita mbele ya jiwe hilo maelfu ya mara nikienda kazini, na sikumbuki kama niliwahi kulikasirikia. Ukweli ni kwamba wakoloni walichora mstari, lakini mama yangu aliendelea kwenda kwao. Waliomzuia ni viongozi wetu wenyewe, tukiwa huru, bendera zetu zikiwa juu.

Mpaka ulifungwa Februari 1977, mwezi uleule TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, kwa hiyo katika kumbukumbu zangu za kitoto nderemo za chama kipya na kunyamaza kwa mama vimechanganyika. Jumuiya ilivunjika. Mali zikabaki kugombaniwa hadi mwaka 1984, na hata meli ziligawanywa kama vyombo vya ndani vya wanandoa walioachana: MV Victoria na MV Umoja zikawa za Tanzania, MV Uhuru ikawa ya Kenya. Nani aliyeyapanga majina hayo sijui, lakini baba alipenda kusema kwamba Kenya ilichukua uhuru na sisi tukachukua umoja, kisha kila mmoja akabaki bandarini kwake. Habari za mafao ya wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ni kisa kingine kabisa, na nikikianza hapa sitakimaliza. Jambo lililotugusa sisi nyumbani ni kwamba safari ya Kisumu ilikufa, na barua za mama zikafa nayo.

Shuleni tulikuwa tukifundishwa kwamba ng'ambo ya mpaka wanaishi manyang'au, watu wanaokulana. Nasi tuliimba hivyo mstarini, mbele ya bendera ileile aliyoishona mama, nami nikiimba kwa sauti kuliko wenzangu kwa sababu nilijua wajomba zangu ni akina nani na nilichelea mtu mwingine naye asije akajua.

Hapa ndipo mawazo yangu hugawanyika, na sijawahi kuyaunganisha. Julai 1964 wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikutana Cairo wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoirithi, Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolisimamia azimio hilo. Oktoba 1978 Amin alivuka latitudo ileile ya digrii 1, upande wa magharibi wa ziwa, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Watu wa Kagera waliuawa, wakaporwa ng'ombe na kukimbia makwao, mpaka majeshi yetu yalipovuka na kurudisha bendera yetu pale ilipokuwa. Wakati wa vita hivyo hata Mwanza ilishambuliwa kwa ndege. Machi 1979 mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kwa hiyo mstari uliomtenga mama na mama yake ndio uliowarudishia watu wa Kagera makwao. Siwezi kuulaani nikiwa Sota kisha niushangilie nikiwa Bukoba, ingawa nimefanya yote mawili.

Bibi alifariki Julai 1980. Habari ilitoka kwa mvuvi mmoja, ikafika kwa shangazi pale Sota, naye akampa kikaratasi kondakta wa basi, na kilipotua mikononi mwa mama maziko yalikuwa yamekwisha kufanyika. Baba alisema kwamba hakuna haja ya kwenda kumzika mtu aliyekwisha zikwa. Mama hakubishana naye. Alilifungua lile kopo, akatoa kipande cha nyeusi kilichobaki kwenye bendera, akakipinda kingo kwa mkono na kujifunga kichwani. Kesho yake tukawa ndani ya basi, mimi na yeye, tukavuka mto Mara kwa pantoni pale Kirumi, na jioni ya siku ya pili tukawa Sota.

Tulivushwa na mzee mmoja mvuvi wa dagaa, usiku wa giza, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi na mtumbwi unaotoka wakati huo haumshtui mtu. Karabai zilikuwa zimetapakaa juu ya maji kila upande, kiasi kwamba sikuweza kutambua ziwa linaishia wapi na mji unaanzia wapi. Nilimuuliza mzee zipi ni taa za Kenya na zipi ni zetu. Akasema kwamba dagaa hawajamwambia. Mama alikaa katikati ya mtumbwi akiwa amekipakata kikapu, na muda wote wa safari alitamka neno moja tu, alipomwomba mzee apunguze kupiga kasia maana mawimbi yalikuwa yakimlowesha.

Tulishuka ufukweni kabla jua halijatoka, na njia ya kwenda kwa mjomba ilipita mbele ya kambi ya chifu. Tulipoifikia, filimbi ilipulizwa. Mwanamke aliyekuwa na ndoo kichwani alisimama, mwendesha baiskeli akashuka na kuishika baiskeli yake, na mama akakitua kikapu, akanyoosha mikono ubavuni na kusimama wima kama askari. Mimi nilikwenda hatua mbili mbele, kwa kuwa kichwani mwangu bendera ni ile niliyoizoea, na hiki kilichokuwa kikipanda mlingotini kilikuwa kitambaa cha manyang'au. Mama aliukamata ukosi wa shati langu bila kugeuza shingo. Nikasimama, nikiwa nimevaa kaptula ya kaki ya shule ya msingi ya Mwanza, nikaitazama ngao nyekundu ikipanda polepole, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

Filimbi ya pili ilipolia, watu waliendelea na safari zao. Nilimuuliza mama kama ile ni bendera yake au si yake. Alijitwika kikapu kwanza. Kisha akasema, "Nimesimama kwa sababu mama yangu alikuwa akisimama hapa." Tukaenda.

Kaburini hakulia sana, au alilia wakati sikuwa nikimwangalia. Ninalolikumbuka ni mjomba, ambaye baada ya maombolezo alikishika kitambaa cha kichwani mwa mama kwa vidole viwili, akakipapasa kama mfanyabiashara, na kumuuliza amekipata wapi kitambaa kizuri namna ile, kwani kwao waliambiwa kwamba maduka ya Tanzania hayana hata sabuni. Kwa habari ya sabuni aliambiwa kweli. Mama alimjibu kwamba ni mabaki ya kazi. Hakumwambia ni kazi gani, na mimi nilitazamwa kwa jicho ambalo kila mtoto analielewa.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha, nasi tukaenda mwezi uliofuata, safari hii kwa barabara, tukipitia Tarime hadi Sirari. Tulichelewa foleni. Saa kumi na mbili jioni ilitukuta katika kile kipande cha barabara ambacho kimetoka Sirari na bado hakijafika Isebania ya Kenya, na filimbi zikalia pande zote mbili, moja ikitangulia nyingine kwa kitambo kidogo. Umati ulisimama palepale. Lakini tusimame tukielekea wapi? Mchuuzi mmoja mwenye beseni la ndizi alisimama kiubavuubavu, jicho moja huku na jingine kule, mpaka mzee aliyekuwa nyuma yake akashindwa kuzuia kicheko. Mama alielekeza uso kaskazini mpaka ngao ikafika chini na kukunjwa. Bendera ya upande wa kusini ilikuwa bado nusu ya mlingoti, kwa sababu aliyekuwa akiishusha hakuwa na haraka, kwa hiyo mama akapata nafasi ya kugeuka na kuisubiri nayo. Naamini katika umati ule ni yeye peke yake aliyezipa bendera zote mbili uso mzima.

Aliendelea kuzishona. Shule, ofisi za kata, na katika miaka ya vyama vingi hata bendera za vyama, ambazo alizidharau kwa sababu wateja wake walitaka kitambaa hafifu na hawakulipa kwa wakati. Watu walimfahamu kama fundi wa bendera, na hakuna aliyemuuliza alikozaliwa, isipokuwa karani mmoja wakati wa kuandikisha vitambulisho, ambaye aliirudisha fomu yake mara tatu kwa sababu ya neno moja, Muhuru. Uraia alikuwa nao tangu zamani kwa njia ya ndoa, na cheti alikuwa nacho. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba yake ya mwaka 2010, lakini sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na pasi mbili, na alipoelezwa hivyo mama aliuliza kama kuna sheria inayomruhusu kuwa na wajomba wawili.

Kwa vijana wa leo mstari umehamia kwenye ramani za simu, lakini majini bado hauonekani. Mtoto wa mjomba, mvuvi kama baba yake, aliwahi kukamatwa na doria, na sitasema ya upande gani, baada ya nyavu zake kusukumwa na mkondo usiku hadi upande usio wake. Aliachiwa baada ya siku nne, injini ya mashua haikuachiwa. Alipokuja Mwanza kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alimwomba mama amshonee bendera ndogo ya Tanzania aiweke ndani ya mashua pamoja na ya kwao, apeperushe inayofaa kulingana na anayemkaribia. Wengine hufanya hivyo, hasa tangu mzozo wa Migingo ulipowafundisha wavuvi kwamba mwamba usiotosha hata uwanja wa mpira unaweza kuzigombanisha serikali mbili, ya Kenya na ya Uganda, kwa sababu ya nani apandishe bendera yake juu yake. Mama alikataa. Alimwambia kwamba bendera haishonwi ili ifichwe chini ya nyavu, kisha akampa fedha za kuongezea kwenye injini nyingine, ambazo sote tulijua kwamba hakuwa nazo.

Mama alifariki mwaka 2017. Tulimzika Sota, kwenye boma la baba, kama desturi inavyotaka, na ndugu wa Muhuru waliingia kupitia Kirongwe kwa hati za muda, wakafika mapema kuliko sisi tuliotoka Mwanza. Binamu zangu wanne walikuwa wamefunga vitambaa vyeusi kichwani, vilivyopindwa kingo kwa mkono. Nilitambua mshono huo kabla sijauliza. Kumbe kila msiba uliotokea ng'ambo, tangu ule wa bibi, mama alikuwa akipeleka kimoja.

Cherehani iko kwangu, nayo bado inafanya kazi. Kopo la biskuti pia liko kwangu, na juzi nilipolifungua nikitafuta kiraka cha mto wa kiti nilikuta kijani kingi, njano kidogo iliyokatwa vipande vyembamba, na bluu ya kutosha kushona bendera nzima. Nyeusi imekwisha.